Paka Sabuni Kwanza, Kisha Useme Inshallah

Nnaikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya utadhani ni jana. Ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe, wakati huo kijana wa miaka ishirini na saba, fundi magari, gereji yangu iko Mwanakwerekwe nyuma ya soko. Nakwambia mapema ili usije ukadhani nimekaa hapa kukusema wewe peke yako. Lakini na wewe nitakusema! Juzi nimekusikia kwa masikio yangu ukimwambia mteja, "Nenda nayo tu, itakaa inshallah," na gari yenyewe hujaizunguka hata mara moja. Nusura nikurushie spana.

Basi kaa, unisikilize.

Siku hizo gari za upepo ndiyo kwanza zinaingia kisiwani. Wewe umezikuta, huzistaajabii. Gari ya kawaida inakaa juu ya springi za chuma. Hizi zinakaa juu ya mifuko minne ya mpira iliyojaa upepo, na chini kuna kompresa, pampu ndogo tu, inayoijaza mifuko ile. Ukibonyeza kitufe gari inashuka, ukibonyeza tena inapanda. Watu walikuwa wakisimama njiani kutazama. Mafundi wenzangu walikuwa wakiziogopa, hawataki hata kuzigusa, na mimi nilikuwa nikizigusa, basi kichwa kikavimba. Nikajiona hapana kama mimi kutoka Nungwi mpaka Makunduchi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa mno.

Jumanne ya wiki ile akaja Mwalimu Khamis, mwalimu wa skuli, mtu wa Bububu kama mimi. Gari yake ya upepo imelala chini kabisa, imeletwa kwa kukokotwa. Kompresa imekufa. Na gari ile hakuinunua kwa fahari, usimdhanie vibaya. Aliinunua kwa ajili ya mamaake, Bi Mwajuma, aliyeteleza uani akavunjika nyonga, mfupa ukaunga upande. Teksi alikuwa hawezi kuinama akaingia, na pikapu hawezi kupanda. Gari ile ilikuwa ikimshukia mpaka chini, anaingizwa na mito yake, kisha inanyanyuka taratibu na kumpeleka bila ya kumtikisa.

"Fundi Makame," Mwalimu akanambia, "Alhamisi saa mbili asubuhi mama anatakiwa awe hospitali. Yule daktari wa mifupa aliyekuja kutoka nje anamaliza kazi siku hiyo, na mama ndiye wa mwisho kupasuliwa. Akimkosa, hatujui atarudi tena lini. Kama hutoweza, nambie sasa hivi nitafute njia nyengine."

Umesikia? Mtu kanifungulia mlango wa kutokea, wazi kabisa! Na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mwalimu, kabla ya laasiri utaondoka nayo."

Sasa hebu nikwambie Bi Mwajuma alikuwa akiitakia nini nyonga yake. Alikuwa mkunga. Nusu ya Bububu kaizalisha yeye, mimi nikiwemo. Na uzeeni alikuwa na haja moja tu, anamwambia kila anayekwenda kumtazama: anataka kusujudu. Tangu alipoanguka alikuwa akiswali juu ya kiti, na akishatoa salamu hulia. "Nnataka niliweke paji langu chini," alikuwa akisema. "Nimechoka kumwinamia Mola wangu nusu nusu." Tunajua dini ni nyepesi, mgonjwa anaswali anavyoweza, na yeye akijua kuliko sisi. Lakini moyo ukitaka kitu unataka. Yule daktari alimpima akamwambia, nikikupasua utasujudu. Hilo ndilo nililokabidhiwa mimi Jumanne ile, mwanangu, si gari.

Kompresa niliipata, imetoka kwenye gari iliyogongwa, na nikaijaribu ikawa nzima. Sina la kuilaumu. Nikaifunga vizuri mahali pake. Kilichobaki ni kuunganisha mpira wa upepo, kijibomba chembamba kama penseli kinachotoka kwenye kompresa kwenda kwenye mifuko. Mpira ule hukatwa kwa wembe, ncha yake ibaki sawa. Wembe ulikuwa ndani kabatini. Koleo ilikuwa mkononi. Nikakata kwa koleo. Ncha ikabonyea. Nikaishindilia hivyo hivyo, nikawasha, gari ikanyanyuka, waliokuwepo wakapiga makofi.

Na mimi nikasikia, sss. Kidogo tu.

Nilisikia, mwanangu, usinitafutie udhuru. Dawa yake naijua tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi: unakata tena kwa wembe, unapaka povu la sabuni pahali penye kiungo, unatazama. Pakivuja povu linavimba. Lakini mpira ulikuwa umeshakuwa mfupi, ingenibidi nende mjini, maduka ya Darajani, kutafuta mwengine, na laasiri inakaribia, na nshajigamba mbele za watu. Nikachukua tepu nyeusi, hii ya nyaya za umeme, nikazungusha mara tano. Nikainuka, nikajifuta mikono.

"Tayari, Mwalimu. Itakaa, inshallah."

Tepu ya umeme! Kwenye upepo unaonyanyua gari nzima na watu wake! Loo, nikifikiri nnatamani nijizabe kofi. Na kile nilichokiita inshallah hakikuwa dua hata kidogo. Nilikuwa nimeshajua kwamba haitakaa, na nikamtafuta wa kumtwika lawama itakapoanguka. Nani? Mwenyezi Mungu! Angalia ujasiri wa mpumbavu.

Jumatano asubuhi Mwalimu akanipigia simu. "Fundi, nimeikuta gari imelala nyuma, upande wa kulia. Nimewasha imepanda, lakini kompresa imenguruma muda mrefu, ikanyamaza, baada ya dakika tatu ikanguruma tena. Ndivyo inavyokuwa?"

Mtu anafundisha jiografia, hajawahi kushika hata bisibisi, na kanisomea ugonjwa wote mwanzo mpaka mwisho. Gari ikiamka imelala, upepo unatoka. Kompresa ikinguruma kila mara, inajaza kinachovuja. Na kompresa haikuumbwa kufanya kazi mfululizo, inapata moto, inaungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wangu nilikuwa nikiujua ulipo kama ninavyojua mfuko wa shati langu. Nilichotakiwa kumwambia ni maneno mawili: niletee, nimekosea. Siku nzima ilikuwa mbele yetu. Mpira ningeupata, wembe ninao, sabuni ipo kila nyumba.

Nikamwambia, "Aa, Mwalimu, kawaida hiyo. Mifuko imekaa siku nyingi bila ya upepo, inajizoesha. Kesho itakuwa sawa, inshallah."

Inajizoesha! Hebu nambie, mfuko wa mpira unajizoesha nini? Mpaka leo sijui neno lile nililitoa wapi. Na Mwalimu akaniamini. Unajua kwa nini? Kwetu sisi mtu akishakutajia Mungu, unaona haya kumhoji. Ningemwambia "itakuwa sawa" peke yake, angeuliza, kwa nini, vipi, lini. Nilipotia inshallah nikamziba mdomo kwa adabu yake mwenyewe. Na huo ndio ubaya ninaokukataza, huo hasa! Uongo wa kawaida mtu anaweza kuubishia. Uongo uliovishwa jina la Mungu, mtu mwenye heshima zake anaupokea, anasema "inshallah" na yeye, anakwenda zake.

Alhamisi nilikuwa nnakunywa chai, saa mbili haijafika, simu ikalia. "Fundi, tupo Mtoni, hata mjini hatujafika. Imekufa."

Nikapanda Vespa yangu. Nikawakuta kando ya barabara, gari nyuma imekaa chini, bodi imelalia tairi, na harufu ya kuungua unaipata kabla hujashuka. Nikaingia uvunguni. Tepu yangu imefumuka, inaning'inia. Kompresa huwezi hata kuigusa kwa moto. Walikuwa wameishusha gari Bububu ili aingie Bi Mwajuma, ikapanda kwa tabu, na kutoka hapo kompresa haikunyamaza mpaka ilipokata roho. Hapakuwa na la kutengeneza.

Nikatoka, nikajisogeza dirishani. Bi Mwajuma yumo nyuma, kazungukwa na mito, kavaa buibui jipya. Tangu usiku hajatia kitu mdomoni, ndivyo alivyoagizwa na daktari.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba. Imekuwaje?"

Na mimi, kwa ulimi huu huu, nikamwambia, "Ndiyo kadari, Bi. Mungu hakujaalia. Lakini inshallah..."

"Nyamaza!"

Mwanangu, watu waliokuwa ng'ambo ya barabara waligeuka. Hata Mwalimu alishtuka.

"Nyamaza, Makame. Njoo karibu nikuone uso. Hiyo harufu ninayoisikia, ni kadari hiyo? Kadari inanuka mpira? Jana Khamis kakupigia simu mbele yangu. Ulimwambia nini?"

Nikasogea mpaka uso ukaingia dirishani.

"Mimi nimezalisha watoto mpaka mgongo umepinda. Kitovu chako wewe nimekifunga kwa mkono huu. Nilikifunga, nikakitazama, nikaona damu inapenya. Nikakifungua, nikakifunga upya, nikakaa nacho nikitazame tena. Kilipokauka ndipo nilipomwambia mamaako, atakua inshallah. Ningekifunga ovyo nikamwambia inshallah, leo ungekuwepo wa kunidanganya?" Akavuta pumzi. "Haya, mficha uchi hazai. Sema kweli sasa, tujue la kufanya. Gari hii inakwenda, haiendi?"

"Haiendi, Bi. Nilikata mpira vibaya, nikaufunga kwa tepu."

"Basi. Hayo ungeyasema jana, leo ningekuwa hospitali."

Akamgeukia Mwalimu, akamwagiza asimamishe gari yoyote ipitayo.

Tukapata pikapu ya seremala, tukatandika godoro. Wanaume wanne tulimnyanyua, na kila tukimsogeza anauma kanga yake asipige kelele. Njia nzima mpaka mjini nilikaa naye nyuma nikimshikilia asiteleze, na kila tairi ikiingia shimoni mkono wake unanibana. Tulifika saa nne na nusu. Daktari alimsubiri, kisha akasubiri tena, halafu akamchukua bwana mmoja aliyevunjika paja. Hana kosa. Mgonjwa yule naye ana haki yake. Muuguzi akatoka kutwambia, kwa upole, kwamba baada ya yule hatapasuliwa mwengine.

Bi Mwajuma akasema, "Alhamdulillahi," akageuza uso upande wa ukuta. Hapo nikalisikia jina la Mungu likitajwa na mtu anayelimaanisha, na nikaona aibu kwa kila mara niliyolitaja mimi wiki ile.

Baada ya siku tatu akaniita. Nikadhani ananiita kunitukana, na nilikuwa tayari. Kumbe kakaa juu ya kiti chake uani, gari ipo mbele yake. "Utaitengenezea hapa," akanambia, "nnakutazama."

Nikatia kompresa nyengine. Nikakata mpira mpya kwa wembe. Nikaomba sabuni, nikapaka povu kwenye kiungo, pakawa kimya. Nikafurahi, nikaanza kukusanya vyombo.

"Ile kompresa ya mwanzo," akauliza, "kabla ya hiyo yako. Iliuliwa na nini?"

Wallahi sikuwa nimejiuliza! Nilibadilisha maiti kwa mzima, nisitafute kilichoua. Nikarudi uvunguni kwa haya, mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikapaka povu kila pahali upepo unapopita. Nilipofika kwenye mfuko wa nyuma kulia, povu likavimba. Mpira umechanika kwenye kunjo lake, kijitundu huwezi kukiona kwa macho. Umesikia, mwanangu? Hata ningekata kwa wembe siku ile, kompresa ingekufa baadaye, maana gonjwa lenyewe sikuligusa. Mkunga aliyeketi kitini ndiye aliyenionyesha.

Mfuko nikaubadilisha. Magharibi ikaingia, tukapima kwa rula ya Mwalimu kutoka kwenye tairi mpaka bodi, pembe zote nne, nikaandika kwa chaki ukutani. Nikaambiwa nende zangu nirudi asubuhi. Asubuhi nikapima tena, yeye kitini pake anangojea. Haikushuka hata unywele.

"Vipi?" akauliza.

"Imekaa, Bi."

"Basi sasa sema inshallah."

Nikaisema, na machozi yakanitoka, mtu mzima na ndevu zangu.

Daktari yule alikuja kurudi baada ya miaka miwili. Moyo wa Bi Mwajuma ulikuwa umeshachoka, wakasema hawezi tena kulazwa kwa dawa ya usingizi. Nikaenda kumwomba radhi. Akanambia, "Nilikusamehe pale pale Mtoni, Makame, maana ulisema kweli mwishowe. Lakini sikufichi, mwanangu. Paji langu bado linataka chini." Akaendelea kuswali kitini mpaka alipofariki.

Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Kaburini palitandwa nguo kama ada kwa mwanamke, sikuona lililofanyika ndani. Mwalimu Khamis ndiye aliyeshuka. Tulipokuwa tunarudi akanishika mkono, akanambia kwamba alipomlaza alimfungua sanda usoni, akaliweka shavu lake juu ya mchanga, kama inavyofanywa. "Uso wake umefika chini, Fundi," akasema. Hakusema kwa lawama. Lakini ulikuwa ufike yeye akiwa hai, kwa hiari yake, mara tano kwa siku, na aliyemzuilia ni mimi na tepu yangu.

Ndiyo maana nnakasirika nikikusikia, mwanangu. Sikukatazi inshallah. Ole wake anayeikataza! Nnakukataza kuitumia kama mimi nilivyoitumia. Kazi ikishatoka mikononi mwako ndipo umwachie Mungu, na kabla ya hapo ni yako wewe. Kata kwa wembe. Paka povu. Pima jioni, upime asubuhi, ndipo ufungue mdomo. Kitu kikikufia, usikimbilie kukibadilisha, uliza kwanza kimeuliwa na nini. Mteja akikurudia akakwambia anasikia kelele, muamini yeye kuliko kiburi chako, hata kama hajui jina la chombo. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati bado kuna siku mbele. Kusema "nimekosea" kunauma kidogo tu. Hili langu linauma miaka yote hii, na mvi zimeota juu yake.

Na hujui gari unayoifunga imebeba haja ya nani. Wewe unaona chuma. Ndani yake pengine mna mtu anayetaka kitu kimoja tu katika umri wake uliobaki.

Haya, mwite yule mteja wako arudishe gari yake, leo, si kesho. Mungu akupe mikono mikweli na ulimi usiojificha nyuma ya jina Lake, akuepushe na majuto kama yangu, na kila atakayeondoka kwako aende akuombee dua. Amin. Sabuni ipo pale dirishani.